Ukuta wa Viganja

Ipo nchi moja haimo kwenye ramani zinazotundikwa shuleni, na si kwa sababu ni ndogo. Inaitwa Unyoofu. Wenyeji wake hujisifu kwamba tangu mababu zao wafike pale, hakuna jambo lililowahi kufanyika kinyume cha sheria. Ukiwauliza kama mambo yenyewe yalikuwa mema au mabaya, wanakutazama kama umeuliza rangi ya upepo.

Fundi Mahimbo alikwenda huko mara moja tu. Alikuwa mwashi, miaka arobaini na minane, mtu asiyezunguka maneno. Aliacha shule darasa la tano, na tangu hapo amekuwa akiwajengea nyumba watu waliomaliza. Jinsi alivyofika Unyoofu hakuna haja ya kusimulia. Alikwenda, akafika. Alichofuata ni dada yake.

Dada yake mdogo, Sijali, aliolewa huko miaka kumi na mitatu nyuma na Ndelwa Sanga, mchoma matofali. Sasa Ndelwa alikuwa amekufa, na watoto wake wawili wa kiume walikuwa wamekufa, wote ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu ya maji. Alibaki Sijali na binti wa miaka saba, Nambua. Habari zilimfikia Mahimbo zimechelewa, makaburi yameshaota majani.

Alimkuta dada yake amechuchumaa mbele ya jiko, anachemsha maji. Maji yalikuwa na rangi ya mkojo wa mgonjwa. Nambua alikuwa amelala mkekani, tumbo limejaa, kucha zimegeuka rangi ya majivu. Akainuka nusu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Lala tu." Kisha akamgeukia Sijali. "Fungasha. Kesho asubuhi tunaondoka."

"Hata hujakaa, kaka."

"Nitakaa nikifika nyumbani. Fungasha."

Sijali akaongeza kuni. "Mchukue Nambua kama unataka. Mimi siendi. Ndelwa yuko ukutani."

Mahimbo alidhani majonzi yamempanda kichwani. Lakini Sijali alikuwa mzima. Alimweleza, na ilibidi aeleze mara mbili.

Unyoofu hawapigi kura kwa karatasi. Siku ya uchaguzi kila mtu mzima anafyatua tofali moja la udongo mbichi, anagandamiza kiganja cha kulia juu yake mbele ya karani, kisha analiweka kwenye safu ya mtu anayemtaka. Matofali ya aliyeshinda yanachomwa, yanaandikwa namba kwenye daftari, na yanajengwa kwa tope kuwa ukuta wa nje wa ofisi yake, viganja vikitazama barabara. Kiongozi wa pale anaitwa Mshika Bonde, na anakaa ndani ya mikono ya watu wake. Wakitaka kumwondoa, kila mmoja anakuja na mkono wake, anaulinganisha na alama, anachomoa tofali lake. Yakitoka zaidi ya nusu, Mshika Bonde ametoka.

Mahimbo aliona ni sheria nzuri kuliko nyingi alizowahi kusikia.

"Kasoro yake nini?" akauliza.

"Lipu," Sijali alijibu. "Kila anayeshinda, wiki ya kwanza anapiga lipu, viganja vyote vinafunikwa. Anasema ni kwa ajili ya mvua."

Mshika Bonde wa sasa aliitwa Kalembo Ntandu. Alipewa kazi ya kununua dawa ya kusafishia maji ya tangi, tangi moja linalonywesha bonde zima, lililojengwa juu ya chemchemi yenyewe. Akanunua unga wa kulainishia ngozi za ng'ombe, kwa kuwa ulikuwa rahisi na ulikuwa mweupe. Watu wazima arobaini na mmoja wakafa, ukiacha watoto. Mahakama ikamsikiliza, ikamtia hatiani, ikamfunga miaka sita.

"Basi tangi limesafishwa," Mahimbo alisema.

"Kila asubuhi wanamwaga debe moja."

"La nini?"

"La ule unga. Amri ya Mshika Bonde inaendelea mpaka Mshika Bonde aifute. Yeye amekata rufaa. Anasema akiifuta itakuwa kama amekiri."

"Sasa mnachemsha ili iweje? Unga haufi kwa moto."

"Tumeandikiwa tuchemshe."

"Si mumnyang'anye huyo mwenye debe!"

Sijali alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia msikitini na viatu. "Yule ana barua, kaka."

 Mahimbo aliona dada yake ameshakuwa mtu wa Unyoofu, hata msiba haujamtoa huko.

"Siku ile alifurahi," Sijali alisema baadaye, akimnywesha mtoto kwa kijiko. "Ndelwa. Aliweka kiganja chake huku anacheka, eti Kalembo ni mtu wa watu. Sasa kamuua, na kiganja chake ndicho kinamshikia nyumba. Wanawe nao wamekufa. Mimi niondoke, nimwache pale anamsimamia yule mtu ukuta? Siendi. Akitoka Ndelwa, nami natoka."

*

Asubuhi Mahimbo alikwenda kwa Karani wa Matofali. Alikuwa mama wa makamo aitwaye Nyamizi, mwembamba, msafi, na meza yake ilinyooka kuliko timazi. Alimkaribisha vizuri. Kwenye kona ya meza kulikuwa na glasi ya maji yale yale, naye alikuwa anayanywa kidogo kidogo.

"Mama Karani, mimi si msomi. Nielezee taratibu. Huyu mtu amehukumiwa?"

"Amehukumiwa."

"Na bado ni kiongozi."

"Bado."

"Kwa nini mahakama isimwondoe?"

"Mahakama haikumweka." Nyamizi alisema bila hasira. "Sikiliza, fundi. Kabla ya hukumu, mtu hana hatia. Ukimwondoa unakuwa umemhukumu wewe. Baada ya hukumu, anatumikia kifungo. Ukimwondoa unakuwa umempa adhabu mbili kwa kosa moja. Akimaliza kifungo, ameshalipia, ni mtu safi kama mimi na wewe. Ukimwondoa hapo unamwonea."

"Kwa hiyo siku ya kumwondoa ni ipi?"

Nyamizi alifikiri kwa dhati. Hakuwa mtu wa kejeli. "Wataalamu wamelijadili hilo. Wapo wanaosema kuna nafasi ndogo kati ya hakimu kumaliza kusema na askari kumshika mtuhumiwa mkono. Tuliwahi kujaribu kwa mwingine, zamani. Askari alikuwa mwepesi."

"Mnachezea watu."

"Ndiyo maana kuna matofali. Watu waliomweka wanaweza kumwondoa wakati wowote. Ombi limeshaletwa. Tunachokosa ni fundi. Mwenyeji haruhusiwi kubandua lipu, asije akaliharibu tofali la jirani yake makusudi. Wewe ni mgeni, na umesema ni mwashi."

"Nitaanza leo."

"Utaanza ukipata kibali cha mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si yuko jela?"

"Ndiyo," alisema Nyamizi. "Ofisi iko huko kwa sasa. Ukifika getini ufuate mshale."

*

Mshale ulikuwepo kweli, umepakwa rangi nzuri. Gereza la Unyoofu lilikuwa na chumba chenye pazia, na juu ya mlango ubao: OFISI YA MSHIKA BONDE. HUDUMA KWA WOTE. Nje wananchi walikaa kwenye benchi na karatasi zao. Askari magereza alitoka akaita kwa adabu, "Anayefuata kwa mheshimiwa."

Kalembo Ntandu alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alivaa nguo za kifungo, lakini zilipigwa pasi. Alisimama kumpokea mgeni, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole na msiba, fundi. Ndelwa nilimfahamu. Matofali ya ukuta wangu, mengi alichoma yeye."

Mahimbo hakutegemea hilo. Alikuja na maneno makali mdomoni, sasa hayakupata mahali pa kutokea vizuri. "Umemuua," akasema.

"Hilo liko kwenye rufaa," Kalembo alijibu, wala hakukasirika. "Kaa. Chai? Maji yake yanatoka nje ya bonde, usiogope."

"Sitaki chai. Nataka kibali cha kubandua lipu."

Kalembo alishachukua kalamu. Aliandika bila kusitasita, akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke.

Mahimbo aliiangalia ile karatasi kama mtu aliyepewa noti nzima na mchawi. "Hukatai?"

"Nikatae kwa nini? Sheria ni sheria. Watu wana haki ya kuja na mikono yao."

"Na wakija wote?"

"Wakija wote nitaondoka. Nimeshasema hadharani." Akamsogezea kibali. "Ila mimi sina wasiwasi, fundi. Nina watu wangu ambao hawataniacha kamwe. Hata wakitaka."

Mahimbo aliondoka akitafuna neno hilo, hakulielewa. Mlangoni alipishana na mzee mmoja aliyekuja na barua mkononi. Barua ilikuwa na wino wa kalamu ile ile.

Mzee huyo alikuwa Chilumba. Kesho yake alijitokeza kwenye ukuta kuomba kibarua cha kuzoa vifusi, na Mahimbo akampa, kwa kuwa mwenyeji kuzoa hakukatazwa. Alikuwa mfagiaji wa ofisi ya Mshika Bonde miaka ishirini na mbili. Alichukua nusu mfuko wa chokaa ya ofisi akapaka kaburi la mjukuu wake. Akashtakiwa, akatozwa faini, na siku hiyo hiyo akafukuzwa kazi.

"Nani alikufukuza?"

"Nani kama si Mheshimiwa? Barua aliisaini mwenyewe." Chilumba alitema mate pembeni. "Imeandikwa, ofisi hii haiwezi kuwa na mtumishi mwenye kosa la jinai."

Mahimbo alishusha nyundo. "Barua ilitoka jela?"

"Ilitoka ofisini. Ofisi iko jela."

"Na wewe hukumwambia kitu, mzee?"

"Nimwambie nini? Mimi sikuchaguliwa, fundi. Ningechaguliwa ningebaki." Akainama akaendelea kuzoa. Hakuwa anatania. Hiyo ndiyo iliyomuumiza Mahimbo zaidi.

*

Kazi ilichukua siku tisa. Lipu ilikuwa nene, ya saruji nzito, ya mtu aliyekusudia isitoke. Mahimbo aliibandua kwa patasi taratibu, kipande kwa kipande, ili asikwangue alama. Viganja vikaanza kutokea ukutani. Vya wanawake, vidogo, vidole vimebanana. Vya wakulima, vipana kama majembe. Kimoja kilikuwa na alama ya pete. Watu walipita barabarani wakasimama wakatazama, kila mmoja akitafuta chake, lakini hakuna aliyegusa. Kamba ilikuwa imefungwa.

Kila jioni alirudi kwa Sijali, na Sijali aliuliza neno moja tu. "Bado?"

"Bado."

Nambua alikuwa hatembei tena bila kushika ukuta. Mahimbo alikuwa amekuja na dumu la maji ya kwao, akawa anampa mtoto hayo tu. Dumu lilikuwa linakaribia chini. Mvua ilikuwa bado miezi miwili.

Siku ya saba, safu ya tisa kutoka chini, karibu na dirisha, patasi ilifunua kiganja kikubwa chenye kidole cha shahada kilichokatika kwenye kiungo cha kwanza. Shoka lilikikata Ndelwa akipasua kuni za tanuri, mwaka aliooa. Mahimbo alikijua kidole hicho. Kilimpa mkono siku ya mahari. Alikaa chini ya ukuta na vumbi lake usoni, na Chilumba, aliyejua asiulize, akaenda kumwaga vifusi mbali.

Jioni ile Sijali alipouliza, hakujibiwa "bado". Alipiga goti palepale mlangoni, akaweka ungo wa mahindi chini, akalia kwa mara ya kwanza tangu kaka yake afike.

*

Siku ya kuchomoa, bonde zima lilikuja. Jumla ya matofali ilikuwa mia sita na kumi na mawili. Ili Kalembo aondoke, yalitakiwa yatoke mia tatu na saba. Nyamizi alikaa na daftari lake kwenye meza chini ya turubai, amevaa kitenge kipya. Hakuna aliyesukumana. Hata waliokuja na hasira walikuja kwa foleni.

Mtu anaita namba yake. Anaweka kiganja kwenye alama. Nyamizi anachungulia, anatikisa kichwa kukubali. Mtu anatikisa tofali ndani ya tope lake, linatoka, analibeba kifuani kama mtoto. Hivyo hivyo asubuhi nzima. Wengine walikuja, wakasimama mbele ya tofali lao, wakaliacha. Kijana mmoja aliyepewa kazi ya kumwaga debe aliliacha. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti, "Mimi nampenda tu, ana heshima," akaliacha.

Sijali alichomoa lake. Kisha hakuondoka. Akasogea mpaka safu ya tisa.

"Na hili," akasema.

Nyamizi alifungua daftari. "Namba mia tatu themanini na nane. Ndelwa Sanga. Mwenye mkono yuko wapi?"

"Unajua alipo. Ulikuja msibani."

"Naandika. Mwenye mkono hakufika."

"Hawezi kufika!" Sauti ilitoka nyuma kwenye foleni. "Na wa kwangu hawezi!" "Na mama yangu!" Watu walianza kusogea, kila mmoja na jina la maiti wake, na kwa mara ya kwanza foleni ilikatika. Mahimbo aliyekuwa amesimama kando na mwiko wake akasogea hatua moja. Alidhani sasa. Sasa watauvunja.

Nyamizi alisimama. Hakupaza sauti, na watu wakanyamaza ili wasikie. Ndivyo walivyolelewa.

"Watu wazima waliofariki kwa maji ni arobaini na mmoja," alisema. "Wote matofali yao yako humu. Kanuni inasema tofali linachomolewa na mkono uliolitia alama. Haisemi mjane. Haisemi mtoto. Nimesoma usiku na mchana, haisemi."

"Basi yasihesabiwe kabisa!" Chilumba alifoka. "Mtu amekufa, kura yake imekufa!"

"Tofali halijafa, mzee. Liko pale." Nyamizi alielekeza kalamu ukutani. "Marehemu aliweka kiganja kwa hiari yake. Marehemu hajatamka kwamba amebadili mawazo. Mimi ni nani nimbadilishie?"

Hapo Mahimbo alilielewa neno la Kalembo. Watu wangu ambao hawataniacha kamwe. Akauvuka ule mstari wa kamba.

"Mama Karani, huyu mtu ndiye kawaua. Umesikia unachosema? Waliouawa ndio wanaomweka!"

"Nimesikia, fundi."

"Na wewe una mtu humu?"

Nyamizi alitazama ukutani. "Safu ya nne. Kiganja chenye alama ya bangili. Mama yangu." Akakaa, akavuta daftari karibu. "Nitahesabu kama nilivyoandikiwa. Nikianza kuhesabu ninavyotaka, kesho atakuja karani mwingine ahesabu anavyotaka."

Mahimbo alitafuta jibu la hilo. Alitafuta kwa miaka baadaye. Pale alichoweza ni kugeuka na kuwatazama watu. "Mko mamia hapa. Ukuta ni tope na tofali. Nipeni dakika kumi na watu wanne, utakuwa chini."

Hakuna aliyesogea. Mtu mmoja alikohoa. Mwanamke aliyekuwa amelitaja jina la mama yake alirudi kwenye foleni, akamwomba aliyekuwa nyuma yake ampishe nafasi yake, naye akampisha.

Hesabu ilifungwa saa tisa alasiri. Yaliyotoka, mia mbili sabini na manane. Yaliyobaki, mia tatu thelathini na manne, marehemu wakiwemo. Nyamizi alisoma matokeo mara moja, kwa sauti ile ile. Kisha akasoma kifungu cha mwisho, ambacho Mahimbo hakukijua. Ombi likishindwa, waliochomoa watayarudisha matofali yao ndani ya siku mbili, kwa mikono yao, na fundi aliyebandua atajengea na kupiga lipu, ili ofisi ya umma isiharibike.

Wakayarudisha. Hicho ndicho Mahimbo asichoweza kumweleza mtu yeyote nyumbani akaaminiwa. Walikuja siku ya pili, kwa foleni, kila mmoja na tofali lake kifuani, wengine wakilia, wakampa. Naye akayajengea. Angekataa wangemfunga, na dumu lilikuwa limebaki vikombe vinne. Sijali alikuja wa mwisho. Alimkabidhi kaka yake tofali lake bila kumtazama usoni.

"Rudi nyumbani ukafungashe," Mahimbo alimnong'oneza.

"Nimeshakwambia, kaka."

"Na mimi nakwambia, fungasha."

Alasiri ile alipofika safu ya tisa, alimwomba Chilumba asimame nyuma yake na karai la saruji, kama mtu anayesubiri kumpa. Mzee alisimama. Alikuwa mpana bado, pamoja na umri. Mahimbo alilichomoa tofali la Ndelwa, akalitia kwenye mfuko wa vifaa, na mahali pake akaingiza tofali tupu aliloliokota tanurini kwa Ndelwa mwenyewe, lisilo na alama ya mtu. Akapiga lipu juu yake papo hapo, akalainisha kwa ubao mpaka paling'aa.

"Hilo ni kosa la jinai," Chilumba alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Tena kubwa. Kuliko chokaa yangu."

"Twende wote, mzee."

Chilumba alifikiri. Akatazama ukuta mpya, karai, barabara. "Kesho kuna kibarua cha kufagia hapa," akasema. "Nafasi yangu imetangazwa. Nitaomba upya."

Mahimbo alimpa mkono, akaondoka. Alimbeba Nambua mgongoni, Sijali akabeba tofali kwenye khanga, na hawakugeuka.

*

Nambua alipona, kama kupona ndiko huko. Anatembea, anakwenda shule. Hakurefuka tena.

Ulipita mwaka na miezi kadhaa. Siku moja mchuuzi mmoja aliyepita njia za huko alimletea Mahimbo bahasha yenye muhuri. Juu iliandikwa: Marehemu Ndelwa Sanga, popote alipo, kwa mkono wa mjane wake. Sijali alisema hataki kuigusa, amsomee. Mahimbo alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, kwa namna ya mtu wa darasa la tano.

Barua ilisema kwamba wananchi walileta ombi la pili, na lipu ikabanduliwa na fundi mgeni mwingine. Tofali namba mia tatu themanini na nane lilikutwa halina kiganja. Ofisi ilichunguza sababu bila kuipata. Kwa kuwa tofali hilo lipo mahali pake, na halikupinga, limehesabiwa kuwa linaunga mkono. Ombi lilishindwa tena, kwa tofauti kubwa zaidi ya mwanzo, maana watu wazima waliofariki kwa maji sasa wamefika hamsini na tisa, na uaminifu wao haujatetereka. Katika hao alitajwa aliyekuwa Karani wa Matofali, Bi Nyamizi, ambaye tofali lake, hata yeye, linaendelea kuhesabiwa. Mwisho, ofisi ilimshukuru Ndelwa kwa kuendelea kuwa na imani nayo, na kumhakikishia kwamba kura yake iko salama.

Chini kulikuwa na sahihi. Mahimbo aliijua. Alishaiona ikikauka kwa kupulizwa.

"Basi?" Sijali aliuliza.

"Basi."

Sijali aliichukua barua mkononi mwa kaka yake, akaikunja mara mbili, akaisukuma chini ya kuni, ikawaka. Tofali la Ndelwa lilikuwa palepale jikoni, moja ya mafiga matatu, kiganja kimetazama ndani kwenye moto. Juu yake sufuria la maji lilikuwa limeanza kutoa mvuke.

Maji ya kwao hutoka mwambani, hayajawahi kumdhuru mtu. Mahimbo ameshamwambia dada yake mara nyingi kwamba hayahitaji kuchemshwa. Anayachemsha bado.